Mtoto wa miaka mitatu amefungiwa kwa kufuli na mama yuko Feri: huduma ya umma ilipaswa kuanzia wapi?

Bi Somoe

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimesitasita wiki tatu kabla ya kuandika uzi huu, kwa sababu jambo lenyewe limetokea nyumba ya tatu kutoka kwangu na sipendi kumwanika jirani. Nitaeleza yaliyo ya lazima tu na jina la mtu sitalitaja.

Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya mtaa wetu, hapa Temeke, Dar es Salaam. Kamati hizi ziliundwa chini ya MTAKUWWA, ule Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, na kazi yetu ni kupokea taarifa, kumfikishia afisa ustawi wa jamii na kufuatilia. Hatulipwi, na sisemi hivyo kwa kulalamika.

Jirani yangu anakaanga samaki. Saa kumi alfajiri anatoka kwenda Feri, soko la samaki, kuwahi mnada, anarudi saa nne au saa tano na ndoo yake, anakaanga, kisha anakaa barazani kuuza hadi usiku. Ana mtoto wa kike wa miaka mitatu. Tangu dada aliyekuwa akimsaidia arudi kwao, mtoto amekuwa akiachwa chumbani na kikombe cha uji, mlango ukifungwa kwa kufuli kwa nje. Ufunguo unakwenda Feri pamoja na mama.

Sisi majirani tulijua kwa namna ambayo hadi leo inanitesa. Chini ya ule mlango kuna upenyo wa kama vidole viwili, na yule mtoto alikuwa akisukuma vizibo vya soda kupitia hapo, kimoja kimoja, navyo watoto wa nyumba ile waliokuwa wakienda shule humrudishia. Watu wazima tuliuona mchezo ule kila asubuhi na tukauita mchezo. Siku moja jiko la mkaa la mpangaji wa chumba cha pili lilishika pazia. Moto ulizimwa haraka na mtoto hakudhurika, ila tulikaa nje ya ule mlango na moshi wetu, kila mtu akiuliza ufunguo uko wapi.

Hapo ndipo mtaa ulipogawanyika. Wengine walitaka mama akamatwe na mtoto apelekwe kwenye makao ya watoto. Mimi nilipiga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ambayo haitozwi chochote, na kesho yake afisa ustawi wa jamii alifika kwa daladala, kwa nauli yake. Anahudumia kata tatu peke yake. Alikaa na mama kwenye ngazi ya mlango, akauliza taratibu kuhusu baba wa mtoto, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, na kipato cha siku. Mwisho alisema mtoto atabaki na mama yake, na kwamba kinachotakiwa ni mahali pa kumwacha mchana. Kituo kilichosajiliwa kilicho karibu nasi kinatoza shilingi 2,000 kwa siku, chakula mbali. Mama huyu kuna siku anarudi na faida ya shilingi 6,000, na kuna siku anarudi na samaki wasionunuliwa.

Swali langu ni hili. Zahanati tumeijenga kwa fedha za umma, na shule ya msingi vilevile. Mahali pa kumlea mtoto mdogo wakati mama yake anatafuta riziki, kwa nini tumemwachia mwenye fedha peke yake, kisha asiye nazo akifunga mlango tunamwita mkatili?

Kijana wa Tandika

Bi Somoe, shikamoo. Nimesoma kwa makini na nakuheshimu kwa kazi ya kujitolea, lakini kwenye hili sitakuunga mkono kirahisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kulindwa na inamtaka mzazi amlinde. Mtoto amefungiwa na moto umetokea. Angekufa, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine kabisa. Umaskini ni mgumu, nimeuishi, lakini hauwezi kuwa ruhusa. Kwa nini asingepelekwa makao ya watoto kwa muda, angalau mama ajipange? Na wewe kama kamati, ulipouona ule mchezo wa vizibo siku ya kwanza, kwa nini hukutoa taarifa siku hiyohiyo?

Bi Somoe

Marahaba mwanangu. Swali lako la mwisho ni la haki na jibu lake ni fupi: nilikosea. Sheria hiyohiyo uliyoitaja inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa au mzazi anapuuza kumtunza ilhali ana uwezo atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Nililijua hilo, nimelifundisha kwenye mikutano, na bado nilinyamaza kwa kuwa mama yule ni mchapakazi na niliona haya kumshtaki. Kuhusu makao, naomba wenye kuifahamu kazi ya ustawi wanisaidie.

Mstaafu wa Ustawi

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri nne kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba mnivumilie nikirefusha.

Kijana wa Tandika, mtoto kupelekwa makao ni hatua ya mwisho, na imewekwa mwisho kwa sababu. Mtoto wa miaka mitatu akitolewa kwa mama yake, hata kwa wiki mbili, harudi kama alivyoondoka. Nimewapokea watoto wa umri huo usiku. Wanalia siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu wananyamaza, na yule aliyenyamaza ndiye aliyekuwa akinitisha zaidi. Afisa anapofika kwenye nyumba, jambo la kwanza analopima ni kama mtoto yumo hatarini kwa sababu ya mtu anayemdhuru au kwa sababu ya kitu kinachokosekana. Palipo na mtu anayemdhuru, unamtoa mtoto au unamtoa mtu huyo, bila kusubiri. Lakini palipo na kinachokosekana, ukimtoa mtoto umekiacha kile kinachokosekana palepale kilipokuwa, na umeongeza jingine. Hata pale ambapo ni lazima atoke nyumbani, unaanza kwa ndugu, kisha familia ya malezi ya kambo iliyochunguzwa, na makao baadaye. Kuasili ni shauri la Mahakama Kuu, na halihusiki hapa kabisa.

Afisa wenu aliuliza maswali sahihi. Ameuliza kuhusu baba kwa sababu matunzo ya mtoto ni haki ya mtoto, si zawadi kwa mama. Wengi wenu hamkumbuki tulikotoka. Kabla ya sheria hii ya 2009, mama aliyezaa nje ya ndoa alikuwa akidai chini ya sheria ya kikoloni iliyoweka kiwango cha shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilibaki kwenye vitabu hadi fedha hiyo ikawa hainunui hata kiberiti. Sheria ya Mtoto iliifuta, na leo Mahakama ya Watoto inatoa amri ya matunzo kwa kuangalia kipato cha wazazi na mahitaji ya mtoto. Baba akikana, afisa ustawi wa jamii ni miongoni mwa wanaoruhusiwa na Sheria ya Vinasaba ya mwaka huohuo wa 2009 kuomba kipimo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mashauri mengi hata hayafiki huko. Unamwandikia baba barua ya wito yenye muhuri, anakuja, mnakaa wote watatu, na makubaliano yanaandikwa na kutiwa saini. Jalada lile likitunzwa vizuri, akikaidi una pa kuanzia mahakamani.

Ameuliza kuhusu kadi ya kliniki kwa sababu nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kuikazia. Mtoto wa Tanzania anaonwa na mtumishi wa umma mara nyingi sana katika miezi yake ya kwanza. Anapimwa uzito, anachanjwa, anaandikwa. Chanjo ya pili ya surua na rubela ni miezi 18. Baada ya hapo kadi inaendelea hadi miaka mitano, lakini kina mama wengi huacha kwenda, kwa kuwa hakuna sindano ya kuwapeleka. Anayemwona tena mtoto huyo kwa niaba ya serikali ni mwalimu wa darasa la awali, akifika miaka mitano. Katikati hapo kuna miaka zaidi ya mitatu ambayo mtoto hana ofisi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, ililenga watoto hadi miaka minane na pengo hili lililotajwa na Bi Somoe limo ndani yake. Kwenye makaratasi limeonekana. Kwenye kata, afisa ni yuleyule mmoja wa nauli yake mwenyewe, kwani sera hutoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ilhali afisa ni mtumishi wa halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na bajeti inapopunguzwa, fungu la ustawi halina mtu wa kulipigania kwa sauti kubwa.

Mwalimu Awali

Naongezea kutoka darasani. Nafundisha darasa la awali katika shule ya serikali. Tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa Januari 2016, tunapokea watoto ambao zamani wasingefika, na ni jambo jema. Kila Januari hupokea wachache ambao hawajui kucheza na wenzao. Sizungumzii herufi wala hesabu. Mtoto anaketi alipowekwa, akipewa kitu anakishika kwa mikono miwili na kukigeuzia kifuani, na mwenzake akikaribia anahama. Ukimwuliza mzazi kwa upole, mara nyingi utaambiwa mtoto alikuwa "anakaa ndani". Nilikuwa nalichukulia neno hilo kuwa na maana ya malezi mazuri, mtoto asiyezurura. Tangu nisome uzi huu nalisikia vingine.

Wengine huja na mdogo wao mgongoni. Msichana wa darasa la pili anamleta mdogo wake wa miaka miwili kwa sababu hakuna wa kumwachia. Mwongozo hauruhusu, na nikimrudisha, wote wawili wanarudi nyumbani. Namwacha akae.

Mja wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 53 inatamka kuwa mtoto ana haki ya malezi ya baba na mama, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeyafafanua hayo. Mtu akiwa na shida huenda kwa chifu au kwa afisa wa watoto, na namba ni hiyohiyo 116. Lakini kuhusu malezi ya mchana, hali ni kama yenu. Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017, ila mtaani mama wa kibarua bado humwacha mwanawe katika chumba cha mwanamke mwenzake, watoto wengi katika chumba kimoja, kwa malipo ya kila siku. Mimi nimelelewa katika chumba kama hicho na aliyenilea alikuwa mwema sana. Ninachokumbuka zaidi ni joto na kusubiri mlango ufunguliwe.

Mama Yuko Muscat

Bi Somoe, nimelia. Mimi nafanya kazi za nyumbani Muscat, nalea watoto wa watu, na wangu yuko kwa mama yangu Tanga. Naomba niwaase kina mama wanaosafiri: msiache mtoto kwa maneno matupu. Mwanangu alipougua, mama yangu alisumbuka kwa kuwa cheti cha kuzaliwa hakikuwepo na hakuna karatasi iliyoonyesha kuwa yeye ndiye mlezi. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ule ulioanzia Mbeya mwaka 2013, unatoa cheti bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Kichukueni kabla ya kuondoka, na muandikishane na mlezi mbele ya afisa ustawi.

Muuguzi wa Zamu

Naomba tusiuache upande aliougusa Kijana wa Tandika, kwani naye ana hoja. Mtoto anayeachwa peke yake hana hatari ya moto pekee. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni watu wanaojulikana na familia. Kufuli lenyewe linampa mama moyo wa kudhani amemlinda mwanawe, lakini kila mpangaji anajua mtoto yuko peke yake hadi saa ngapi.

Likitokea la kutokea, nawasihi: mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au bahasha ya kaki na si mfuko wa plastiki, na afikishwe hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai kuanzishwa baada ya hapo. Niliwahi kumpokea mtoto siku ya nne. Mama yake alifuata PF3, fomu ya polisi ya matibabu, katika kituo kimoja cha polisi, akaambiwa mwenye dawati la jinsia na watoto hayupo, akarudi kesho, akatumwa kituo kingine. Alipofika kwangu alikuwa ameikunja ile fomu vipande vidogo hadi maandishi ya mikunjo yamefutika, na mtoto alikuwa ameogeshwa mara tatu. Ndiyo maana napigania vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Amana na kile cha Mnazi Mmoja Zanzibar, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wanamfuata mtoto alipo, badala ya mtoto kuwazungukia wao.

Kijana wa Tandika

Nimesoma yote. Kuhusu makao nimeelewa, na Mzee Mstaafu nakushukuru, sikuwahi kufikiria habari ya mtoto aliyenyamaza. Hata hivyo bado nashikilia kwamba mama yule alipaswa kuonywa kwa maandishi, ili jambo lisichukuliwe kuwa limepita. Na nina swali: kama kituo cha shilingi 2,000 hakiwezekani, mtoto huyu leo asubuhi alikuwa wapi?

Bi Somoe

Umeuliza penyewe. Ameonywa kwa maandishi na ameweka saini, nakala iko kwenye jalada. Barua ya wito kwa baba imetoka pia.

Na leo asubuhi mtoto alikuwa kwa bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, ambaye amekubali kumpokea saa kumi hiyohiyo alfajiri akiwa bado usingizini. Mama anamlipa shilingi 500 na samaki mmoja. Habari zimeenea, na sasa bibi ana watoto wanne kwenye mkeka. Tatizo ni kwamba kwa mujibu wa sheria kituo cha kulelea watoto mchana ni lazima kisajiliwe na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na afisa wetu ameniambia kwa unyoofu kwamba akija kwa macho ya kanuni atalazimika kumfungia bibi, na akimfungia, watoto wanne wanarudi kwenye makufuli. Mzee Mstaafu, wewe ungefanyaje?

Mstaafu wa Ustawi

Ningefanya kama nilivyowahi kufanya, na sikujuta. Usimwache bibi peke yake. Kusanya wanawake wa mtaa wasiopungua watano, wawe kikundi, wasajiliwe halmashauri kama kikundi. Kikundi cha wanawake kina haki ya kuomba mkopo usio na riba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Wengi huomba kwa ajili ya sabuni na kuku. Nyinyi ombeni kwa ajili ya malezi: choo cha watoto, uzio, magodoro, tangi la maji. Wakati huohuo mpelekeni bwana afya akague nyumba, mwandikishe kila mtoto na namba ya mzazi wake, na mwalimu wa awali wa shule jirani aje hata mara moja kwa wiki. Kisha maombi ya usajili yapitie kwa afisa ustawi, naye atakuwa na kitu cha kukagua badala ya kitu cha kufunga. Na pelekeni hoja kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kwamba kwa kaya maskini zilizomo kwenye mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, halmashauri ichangie sehemu ya ada ya mchana. TASAF tayari inazitaka kaya hizo zipeleke watoto kliniki na shuleni, kwa hiyo hoja ya miaka iliyo katikati inaingia hapo bila kulazimishwa.

Moja zaidi. Siku 84 za likizo ya uzazi zilizomo kwenye sheria yetu ya ajira ni za mwajiriwa. Mama anayekaanga samaki hajawahi kuwa na siku hata moja. Liandikeni hilo kwenye barua yenu, kwa maneno hayohayo.

Mwalimu Awali

Kama si mbali na Tandika, Ijumaa alasiri nina nafasi. Nitakuja na vitabu vya picha.

Bi Somoe

Si mbali, Mwalimu, karibu sana, nakuandikia pembeni nikuelekeze. Barua tumeiandika jana usiku, kurasa mbili, na kikao cha kata ni tarehe 14. Wanawake watano wamepatikana, yule mama wa samaki ni mmoja wao. Alipokuja kuweka jina alimfuata mwanawe kwa bibi kwanza. Tulimkuta kwenye mkeka amevimwaga vizibo vyake vyote, na mtoto mwingine anavipanga naye. Mama alisimama mlangoni muda mrefu bila kumwita.

Nitarudi hapa baada ya tarehe 14 kueleza kata imejibu nini.